Paladini mwema asiyechosha: jibu kuhusu fadhila na nguvu za wahusika wa michezo ya njozi

Swali lililoletwa ni hili, kwa ufupi. Msomaji wetu anacheza ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa njozi kwa dadu, Dungeons & Dragons na wenzake wanne, kwa kanuni za mwaka 2014. Mhusika wake ni paladini, yaani shujaa mtakatifu anayefungwa na kiapo, wa ngazi ya 4, aliyekula ule Kiapo cha Uchaji kinachomtaka awe mkweli, jasiri, mwenye huruma, mwenye heshima na mwenye kutimiza wajibu. Wenzake wanalalamika kwamba mhusika huyo anachosha. Mmoja amemshauri ampe kasoro, kama vile ulevi au uchu wa dhahabu, na mwingine anamshawishi ahamie Kiapo cha Kisasi. Mwongozaji wa mchezo, yaani yule anayesimulia hadithi na kuwaendesha maadui, naye anashikilia kwamba wema haumo katika kanuni, kwa kuwa kilichomo ni nguvu tu. Msomaji anauliza fadhila na nguvu za mhusika zichaguliwe vipi, na kama ni kweli kwamba mhusika mwema hawezi kunoga bila kasoro.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote. Mhusika mwema hunoga sana, na wako wahusika wema ambao wachezaji huwasimulia miaka mingi baada ya kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, kwisha. Anayechosha ni mhusika ambaye wema wake haujawahi kumgharimu chochote. Ukisoma tena maelezo uliyoniletea utaona kwamba paladini wako ni mkweli, lakini hujataja hata mara moja ambapo uongo ungemfaa. Ni mwenye huruma, lakini maadui zake wote hufa vitani kabla hawajapata nafasi ya kuomba amani. Ni mkarimu, lakini nyara hugawanywa sawasawa baina yenu watano, kwa hiyo ukarimu wake hauna pa kuonekana. Sifa hizo zimeandikwa kwenye karatasi ya mhusika na zimebaki hukohuko. Wenzako wanaona maelezo tu, hawaoni tendo, na hilo ndilo linalowachosha, hata kama wao wenyewe wanalitaja kwa jina jingine.

Nguvu na fadhila zimechanganywa tangu mchezo huu ulipotoka, kwa hiyo inafaa kuzitenganisha kwanza. Dungeons & Dragons ilipochapishwa mwaka 1974 ilimpima kila mhusika kwa vipimo sita ambavyo tunavyo mpaka leo: nguvu za mwili, akili, busara, ustahimilivu, wepesi na haiba. Kila kipimo kilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, yaani kuanzia 3 hadi 18. Vipimo hivyo vyote sita vinajibu swali moja tu, nalo ni nini anachoweza kufanya mhusika huyu. Hakuna hata kimoja kinachosema atafanya nini. Mhusika mwenye busara ya 16 atautambua uongo wa mfanyabiashara kwa urahisi, lakini busara hiyo haimzuii yeye mwenyewe kudanganya, na wadanganyifu wengi walio hodari mezani huwa na haiba ya juu kuliko paladini. Kwa hiyo mwongozaji wako amekosea kidogo tu: vipimo hivyo kweli havina wema ndani yake, lakini kanuni ni pana kuliko vipimo.

Paladini alipoingia katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975 alihitaji haiba isiyopungua 17. Kwa dadu tatu, matokeo ya 17 au 18 hupatikana kwa njia 4 kati ya 216, yaani takriban mara moja katika kila wahusika 54. Maana yake ni kwamba haki ya kuwa mtu wa maadili makuu ilitolewa kwa bahati nasibu, jambo ambalo binafsi naliona kichekesho. Na aliyeipata aliishi kwa hofu, kwa sababu tendo moja tu la upande wa vurugu, yaani la kinyume na utaratibu, lilimvua upaladini, wala hakuweza kuurudisha. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuupa wema uzito, lakini bei yake ilikuwa moja, kubwa, na ya mara moja. Mchezaji aliyejua kwamba akiteleza atapoteza kila kitu alijifunza kukwepa kila mahali ambapo angeweza kujaribiwa, na baadhi ya waongozaji wakageuka watega mitego, wakimletea paladini mafumbo ambayo kila jibu lake ni kosa. Nadhani sehemu ya sifa mbaya ya paladini, inayokupata wewe leo, ni urithi wa kanuni hiyo.

Mfumo mwingine uliolitazama jambo hili kwa jicho kavu ni GURPS, uliotoka mwaka 1986. Humo mchezaji hununua uwezo kwa pointi, na akikubali kitu kinachomzuia mhusika wake hurudishiwa pointi. Sasa tazama ni nini kilichowekwa katika orodha ya vizuizi: pamoja na ulevi, woga na uroho, wamo pia utiifu kwa sheria, kusema kweli daima, moyo wa kusaidia wahitaji, kanuni za heshima na hisia ya wajibu kwa wenzako. Mtu akiipitia orodha hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kukasirika kwamba ukarimu umewekwa safu moja na ulafi. Mimi naiona hesabu ya uaminifu. Asiyesema uongo ana njia chache za kutoka gerezani kuliko asemaye, na mchezo unaokiri hivyo unamlipa mchezaji mapema kwa hasara atakayoipata. Yule mwenzako anayekutaka umpe paladini ulevi hajatambua kwamba, kwa hesabu hii, kiapo chako kimeshakupa vizuizi vitano, ila tu havijawahi kudaiwa.

Mchezo uliolishughulikia suala la fadhila kwa kina kuliko wote ninaoufahamu ni Pendragon, wa Greg Stafford, uliotolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1985. Wahusika wake ni manaiti, yaani wale askari wa cheo wapanda farasi, katika Uingereza ya Mfalme Arthur. Kila naiti ana jozi 13 za tabia, na katika kila jozi pande mbili hujumlishwa kuwa 20: huruma na ukatili, ukarimu na choyo, unyenyekevu na majivuno, ujasiri na woga, hadhari na papara, kuamini na kushuku, na nyinginezo. Huwezi kuongeza upande mmoja bila kupunguza wa pili. Tabia ikifika 16, mhusika anajulikana kwayo kwa watu, na hapo mchezaji hana tena uhuru kamili: hali ikija inayoigusa tabia hiyo, mwongozaji anaweza kumwambia arushe dadu ya pande 20 kabla ya kuamua.

Tulitazame tukio moja kwa karibu. Naiti mwenye huruma ya 16, na kwa hiyo ukatili wa 4, amemwangusha Msaksoni, mtu wa kabila lililo adui wa Arthur, aliyemuua ndugu yake, na mtu huyo amepiga magoti akiomba uhai. Mchezaji anarusha dadu. Ikitoka 16 au chini yake, huruma imeshinda na mateka ataishi, hata kama mchezaji mwenyewe anatamani kisasi. Ikitoka 17 au zaidi, huruma imeshindwa kwa wakati huo, na sasa anarushia ukatili: akipata 4 au chini, upanga unashuka. Zikishindwa zote mbili, uamuzi unarudi mikononi mwa mchezaji. Ukipiga hesabu, naiti huyu atahurumia mara 80 katika 100, atakuwa katili mara 4, na mara 16 zilizobaki mchezaji ataachwa na dhamiri yake peke yake. Juu ya hayo, mchezo una kipimo kingine cha shauku, kama vile upendo kwa jamaa, uaminifu kwa bwana, ukarimu kwa mgeni, au chuki dhidi ya Wasaksoni, na shauku hiyo inaweza kugongana na huruma pale pale mbele ya mateka. Nimeona meza nzima ikinyamaza kusubiri dadu ya namna hii, ilhali dadu za kupiga panga zilikuwa zikirushwa huku watu wakizungumza mambo mengine.

Tabia hizo pia hazikai palepale. Naiti akitenda sawasawa na tabia fulani kwa namna ya kuonekana, anaweka alama, na wakati wa majira ya baridi hurusha dadu kwa kila alama: akipata namba iliyozidi kiwango cha sasa, tabia hupanda kwa 1 na upande wake wa pili hushuka kwa 1. Kwa hiyo wema hujengwa kwa matendo ya mwaka mzima. Na wenye kufika mbali hupewa nguvu halisi. Bidii, ukarimu, haki, huruma, unyenyekevu na ujasiri zikijumlishwa zikafika 80, naiti hupata kinga ya ziada ya pointi 3, kana kwamba amevaa chuma kingine juu ya chuma. Zigawe 80 kwa sita na utaona kwamba wastani wake ni zaidi kidogo ya 13; anayetafutwa hapa ni mtu aliye mwema kwa mapana, wala hahitaji kuwa mtakatifu wa tabia moja. Utaona pia kwamba ukweli haumo katika orodha hiyo ya unaiti, na aliyezisoma hadithi za mahakama ya Arthur hatashangaa. Tena kila dini ina orodha yake, na kwa waumini wa dini za kale za kisiwa hicho majivuno huhesabiwa kuwa fadhila. Paladini wako anaweza kujiuliza swali hilohilo: mungu anayemtumikia, na watu waliomlea, wanahesabu nini kuwa wema?

Mwaka huohuo wa 1985 ulitokea mchezo wa kompyuta, Ultima IV wa Richard Garriott, ambao haukuwa na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Kazi ya mchezaji ilikuwa kukamilika katika fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa mhanga, heshima, uroho na unyenyekevu. Kwa uroho hapa namaanisha maisha ya rohoni, wala si ule wa tumbo. Fadhila hizo hazikuwa orodha tupu, kwa kuwa zilisukwa kutokana na misingi mitatu, yaani kweli, upendo na ujasiri: upendo ukiungana na ujasiri huzaa kujitoa mhanga, ujasiri ukiungana na kweli huzaa heshima, kweli ikiungana na upendo huzaa haki. Mchezo huanza kwa mpiga ramli anayemuuliza mchezaji maswali ya kuchagua kati ya fadhila mbili, zote zikiwa njema, na majibu yake ndiyo yanayoamua kama atakuwa mpiganaji, mganga wa uchawi, mchunga kondoo au mwingine.

Katika mchezo huo kuna muuzaji wa mitishamba ambaye ni kipofu. Anakutajia bei, nawe unaweka kiasi unachotaka, kwa sababu haoni. Ukiweka kipande kimoja cha dhahabu mahali pa thelathini, hakuna mlinzi atakayekuja wala muziki hautabadilika. Mchezo unapunguza tu hesabu yako ya ukweli kimyakimya, na madhara yake utayakuta mbele sana ya safari. Mtu aliyezoea michezo ya kompyuta, ambako kila tendo jema hulipwa papo hapo kwa mlio na pointi, hushangaa kuona jinsi duka hilo dogo linavyomsumbua. Vivyo hivyo, mchezaji anaweza kuchangia damu yake kwa waganga, akapoteza pointi 100 za uhai, na hakuna anachopewa mkononi.

Nirudi sasa kwenye kasoro. Ushauri wa kumtia paladini ulevi unatokana na dhana kwamba wema na udhaifu ni vitu viwili vya kuwekwa kwenye mizani, kimoja kikizidi kiongezwe kingine. Masimulizi yetu wenyewe yana mfano bora kuliko huo. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu za mwili ambazo hakuna silaha iliyoziweza, alikuwa mshairi, na alikuwa na akili ya kutoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate huku kelele za ngoma zikifunika sauti ya kukereza pingu. Kilichomwangusha hakikuwa ulevi wala tamaa. Mwanawe alimuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, naye, ingawa alishuku kwamba kijana ametumwa, alimwambia: sindano ya shaba kitovuni. Udhaifu wake ulitoka ndani ya upendo wake wa baba. Ukimwandika Liyongo kwenye karatasi ya mhusika hutahitaji safu ya kasoro hata kidogo. Utahitaji kuandika tu ni nani asiyeweza kumnyima jibu.

Kwa paladini wako, basi, fanya yafuatayo. Kiapo chako kina fadhila tano, na hizo ni nyingi mno kuchezwa kwa uzito ule ule. Zitii zote, lakini chagua mbili za kuwa utambulisho wake, kisha uamue ipi itamshinda mwenzake siku zitakapogongana. Chagua mbili zinazoweza kugongana kweli. Ujasiri na heshima hukubaliana karibu siku zote, kwa hiyo hazitakupa mengi. Huruma na wajibu hazikubaliani, na hapo ndipo penye mchezo. Waeleze wenzako uamuzi huo waziwazi nje ya hadithi, ili siku paladini atakapomwachia mateka au kukataa amri wajue kwamba hukuwavuruga kwa kiburi.

Kisha tazama nguvu zako kwa jicho la fadhila hizo mbili. Paladini wa ngazi ya 4 ana hazina ya uponyaji ya pointi 20, kwa kuwa hupata pointi 5 kwa kila ngazi, na hazina hiyo hairudi mpaka baada ya mapumziko marefu. Wengi huitumia kama dawa ya dharura ya kikundi, jambo ambalo ni sawa. Lakini fikiria mnyang'anyi aliyejeruhiwa, aliye mateka wenu, anayekata roho huku mkiwa na mlango mmoja zaidi wa kufungua kabla ya kulala. Ukimpa pointi 5 zimebaki 15 kwa watu watano. Kiapo kinakuagiza uwahurumie maadui, ingawa kwa busara, na kinakuagiza uwalinde walio chini ya dhamana yako. Sasa huruma ina namba, na wenzako wana sababu ya kubishana nawe mezani kuhusu jambo lenye maana. Hata akipona akawakimbia, kikao hicho hakitamchosha mtu.

Hapa pana tahadhari moja ninayoitilia mkazo. Gharama ya fadhila ilipwe kwanza na mwenye fadhila. Paladini anayemzuia mwizi wa kikundi asiibe kamwe, anayewahubiria wenzake kila jioni, na anayetoa dhahabu ya wote kwa maskini bila kuuliza, huyo anatumia mifuko ya wengine kununua sifa yake. Toa fungu lako. Ikibidi mmoja abaki nyuma kuzuia daraja, kaa wewe, kwa sababu ndiwe mwenye deraya nzito na pointi nyingi za uhai. Nguvu hizo ulipewa kwa ajili hiyo. Ukweli wako pia usiwe wa kuwatoa wenzako mafichoni. Mtu asiyesema uongo anaweza kunyamaza, anaweza kukataa kujibu, na anaweza kumwambia mlinzi wa lango usoni kwamba hatamjibu, kisha akabeba matokeo.

Kuhusu mwongozaji wako, mweleze kwa heshima kwamba kanuni za 2014 zinampa chombo tayari. Kila mhusika ana maadili anayoyashika, kifungo kinachomuunganisha na mtu au mahali, na udhaifu, na mchezaji anayeyaishi hayo anaweza kupewa motisha, ambayo humruhusu kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Waongozaji wengi huisahau. Mwombe aitoe hasa pale fadhila inapokugharimu, na asiitoe kwa hotuba nzuri. Mwombe pia kitu kigumu zaidi, nacho ni kuwaacha maadui waombe amani. Kikundi ambacho maadui wake hupigana mpaka wa mwisho daima hakiwezi kuwa na mtu mwenye huruma, hata akiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Limebaki suala la kuhamia Kiapo cha Kisasi. Kiapo hicho kinaagiza kupambana na uovu ulio mkubwa zaidi, kutowahurumia waovu, kutumia njia yoyote inayofikisha lengo, na kuwafidia waliodhuriwa. Ni kiapo kizuri kwa mhusika aliyepoteza kitu, na hilo la fidia, ambalo wachezaji wengi hulipita haraka, lina utajiri wake. Hata hivyo kwa tatizo lako kiapo hicho hakitasaidia, kwa sababu kinakuondolea sababu ya kusita, na kusita ndiko unakokuhitaji. Baki na kiapo ulichonacho kwa vikao kadhaa, ukizicheza zile fadhila mbili kwa gharama. Ikitokea katika vikao hivyo paladini wako akashindwa kweli, kwa mfano akamuua mateka aliyekuwa amemwahidi uhai, zungumza na mwongozaji kuhusu toba au kuhusu kubadili kiapo. Mabadiliko yatakayotoka kwenye tukio hilo wenzako watayaelewa bila kuelezwa.